Msuli wa nyuma ya paja unaochanika kila msimu

Swali: Nakimbia mita 100. Nanyoosha viungo kila siku, mbona nyuma ya paja la kushoto naumia tena na tena?

Mara nyingi shida ni udhaifu, si kukaza. Ukiwa kwenye kasi, msuli huu huumia zaidi mguu ukiwa bado hewani mbele, punde kabla ya kukanyaga. Hapo umevutika sana, na papo hapo unatakiwa kuuzuia mguu unaorushwa mbele. Ukikosa nguvu katika hali hiyo, unachanika. Tena maumivu huisha kabla ya nguvu kurudi, ndiyo maana wanaowahi kurudi uwanjani huumia palepale.

Swali: Nitajuaje upande upi ni dhaifu?

Lala chali, weka kisigino kimoja juu ya kiti, nyanyua makalio na uyashushe, ukihesabu hadi uchoke. Kulia ukifika 20 na kushoto 12, umeshajua pa kuanzia.

Swali: Nifanye zoezi gani?

Ningechagua moja tu, ningechagua hili: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shuka mbele polepole, mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani. Ukishindwa kujizuia, jidake kwa mikono. Kwa wanasoka, tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Anza na mara 5, seti mbili, siku mbili kwa wiki, na kamwe si siku moja kabla ya mazoezi ya kasi, kwani mwanzoni huacha maumivu makali. Ongeza lile la kwenye kiti, ukianza na upande dhaifu.

Swali: Kocha husema "panua hatua!" Yuko sahihi?

Naomba kauli hiyo iachwe. Mguu ukitua mbali mbele ya nyonga hukupunguza mwendo na kuvuta nyuma ya paja. Inua goti, kanyaga karibu na chini ya nyonga, usibinue makalio.

Swali: Lazima pande zote zilingane kabisa?

Hapana. Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda na miguu isiyolingana urefu, na mwaka 2009 alikimbia sekunde 9.58 mjini Berlin. Alichofanya ni kuimarisha mgongo na tumbo. Tofauti ndogo isiyokuumiza iache. Lakini ukisikia "pa!" nyuma ya paja, pakavilia damu au ukashindwa kutembea, acha mazoezi haya yote umwone daktari kwanza.