Magugu ya kulishia kondoo

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, nikionyeshwa gugu na kuulizwa kama kondoo anaweza kulila, mimi huuliza kwanza: hao kondoo wana njaa kiasi gani?

Kondoo hupenda magugu. Mdomo wake wa juu umepasuka katikati, hivyo anaweza kuchagua jani analolitaka hadi karibu na udongo, na hupenda mimea ya majani mapana kuliko ng'ombe. Kishona nguo kikiwa kichanga ni chakula kizuri. Kikishakomaa, mbegu zake hunasa kwenye manyoya na kuyaharibu. Mchunga hauna shida. Kongwa nayo huliwa vizuri, ila ina maji mengi, kwa hiyo wapate na nyasi kavu.

Mchicha pori ndio wenye mambo. Ukiwa umechanganyika na nyasi, waache wale. Ukiota kwa wingi kwenye zizi la zamani au shamba lililojaa mbolea, hasa ukipigwa na ukame, hulimbikiza nitrati, yaani chumvi ya nitrojeni inayotoka udongoni, na shina huwa nayo nyingi kuliko jani. Tumboni nitrati hugeuka nitriti, damu inashindwa kubeba oksijeni, kondoo anahema na ufizi wake unakuwa wa kahawia. Mchicha huohuo una oksalati, aina ya chumvi ambayo hufunga kalisi ya mwili. Vijidudu vya tumbo la kwanza vinaweza kuivunja oksalati hiyo, mradi mnyama azoeshwe polepole. Kundi lililoshinda na njaa, likifunguliwa ghafla kwenye mchicha mtupu, linaweza kukupotezea kondoo kadhaa kabla ya jioni.

Mtama pori nao uogope unapochipua upya au ukinyauka, kwa kuwa hapo una sumu ya sianidi. Lusina, mti wa malisho ambao hujiotea wenyewe mahali pengi, ina sumu iitwayo mimosini. Kondoo asiyeizoea akila lusina tupu hunyonyoka manyoya. Isizidi theluthi ya chakula chake.

Usilishe kabisa lantana, mnanaha, mbarika wala oleanda, kichaka cha maua cha kupambia nyumba. Lantana huharibu ini, kisha jua linamchoma kondoo puani na masikioni. Wengi hujipa moyo kwamba mnyama anaijua sumu. Kweli, mimea hii mingi haimvutii na huipita akiwa na kitu kingine cha kula. Lakini oleanda iliyokatwa kwenye ua na kutupwa zizini ina sumu ileile hata ikikauka, na kondoo aliyefungiwa hana cha kuchagua. Gugu lililopuliziwa dawa ya kuua magugu nalo linaweza kumvutia kuliko kawaida, kwa hiyo fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa.

Ukiona kondoo anahema kwa nguvu au anayumba, mwondoe hapo taratibu, usimkimbize, maana mbio zinamaliza oksijeni kidogo iliyobaki. Mwite daktari wa mifugo na umwekee tawi la mmea aliokula.