Kabla hujapuliza dawa, geuza jani ulitazame

Januari ikifika na jua la Dar likikolea, simu ninazopigiwa ni za aina moja: "Bwana shamba, ukoka unakufa, nipulize dawa gani?" Kwa simu sijibu. Huenda ni kiu tu, hasa kwenye mchanga wa Kigamboni. Ukanyage: ukibaki umelala badala ya kuinuka, mwagilia, usinunue kitu.

Si kiu? Koroga vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita nne za maji, umwage kwenye mita moja ya mraba pale kijani kinapopakana na kahawia. Mdudu yuko mpakani. Katikati kashamaliza, kahama. Kama ni viwavijeshi, ndani ya dakika kumi watapanda juu wenyewe. Wapulizie jioni, wakiwa bado wadogo. Wakishanenepa unamwaga hela. Funza weupe wanaokula mizizi hawatoki kwa sabuni. Vuta nyasi: zikinyanyuka kama mkeka, fukua, utawakuta wamejikunja. Mchwa hawahitaji kipimo, udongo wao juu ya majani makavu unawataja.

Kwenye vichaka ndiko watu wanakoharibu. Haibiskasi ikiwa na ungaunga mweupe vikonyoni na masizi kwenye majani, hao ni vidung'ata. Yale masizi ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu wanayotoa. Sisimizi hupanda kufuata utamu huo, na huwafukuza wadudu rafiki ambao wangevila vidung'ata, kwa hiyo usiposhughulika na sisimizi utarudia kazi. Kata matawi yaliyojaa, yafunge kwenye mfuko. Yaliyobaki yapige maji ya mpira kwa nguvu, kisha puliza sabuni, vijiko viwili vidogo kwa lita, chini ya majani, jua likiwa limepoa. Rudia baada ya wiki, maana mayai hujificha ndani ya nta.

Vidoa vya njano na utando mwembamba ni habari nyingine. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Nukta zikitembea, ni utitiri mwekundu. Huyu ana miguu minane, ni jamaa wa buibui, na dawa nyingi za wadudu humwacha hai zikawaua maadui zake. Ndiyo maana jirani yako anapuliza kila wiki na ua linazidi kukauka! Maji ya mpira chini ya majani, mara kwa mara, yanamshinda.

Ukilazimika kununua kiuatilifu, hakikisha kimesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mdudu wako ametajwa kwenye lebo. Kilichopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kiache hukohuko dukani, hata kama ni nusu bei.