Gramu 1 ndani ya tani 100: mabaki ya viuatilifu na biashara ya mazao

Shehena ya mboga ikitua uwanja wa ndege, mkaguzi hafungui maboksi yote. Huchota kidogo hapa, kidogo pale, akapeleka maabara. Huko mboga husagwa hadi ziwe uji mzito, hutiwa kiyeyushi na kutikiswa kwa nguvu, kisha kinachopatikana hupitishwa kwenye mashine inayotenganisha kemikali mojamoja na kuzipima. Mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mimea, yakivuka kikomo kilichowekwa, shehena yote hukwama.

Kikomo chenyewe huwa kidogo mno. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2005, hutumia miligramu 0.01 kwa kilo kwa kila kiuatilifu ambacho hakijawekewa kiwango chake kwa zao husika. Japani nayo ilianza kutumia kiwango hichohicho mwaka 2006. Ni sawa na gramu 1 iliyotawanywa ndani ya tani 100 za mazao.

Ndiyo maana inanisikitisha kila ninaposikia watu wakisema kuvuka kikomo maana yake chakula ni sumu. Kikomo hupatikana shambani: dawa hupigwa kama lebo inavyoelekeza, siku za kusubiri kabla ya kuvuna huheshimiwa, kisha mabaki hupimwa. Ndipo wataalamu huangalia kama mlaji anaweza kula kiasi hicho maisha yake yote bila kudhurika. Kama hawezi, matumizi hayo hayaruhusiwi. Kwa hiyo kuvuka kikomo kwanza ni dalili kwamba kuna aliyekiuka maelekezo, au kwamba nchi inayonunua haina ruhusa ya dawa hiyo kwa zao hilo. Si jambo la kupuuza. Anayepiga dawa bila kinga huumia kabla ya mlaji yeyote.

Ugomvi wa kibiashara huanzia hapo. Tume ya Codex, iliyoundwa mwaka 1963 chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, huweka viwango vya kimataifa vya chakula. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza mwaka 1995 unairuhusu nchi kuwa kali kuliko Codex, mradi iwe na hoja ya kisayansi na isitumie afya kama kisingizio cha kulinda soko lake.

Mwaka 2023 Ulaya ilikwenda hatua nyingine. Ilishusha vikomo vya klothianidini na thiametoksamu, dawa mbili za kuua wadudu, hadi kiwango cha chini kabisa kinachopimika, kuanzia Machi 2026, na sababu iliyotaja ni nyuki na wachavushaji wengine. Mimi naona hoja ya nyuki ni ya kweli. Nyuki hawajui mipaka. Lakini anayebeba gharama ni mkulima ambaye lebo ya nchi yake bado inamruhusu, na kumwachisha dawa bila kumpa mbadala ni kumwachia wadudu shamba.

Tena kuna jambo linalouma zaidi. Viwanda vya Ulaya vimeendelea kuuza nje viuatilifu vilivyopigwa marufuku kwenye mashamba ya huko. Mkataba wa Rotterdam, unaofanya kazi tangu 2004, unataka nchi inayopokea kemikali zilizoorodheshwa iarifiwe na iulizwe kama inaridhia. Haukatazi biashara yenyewe. Ufaransa ilikataza kwa sheria usafirishaji huo kuanzia Januari 2022, ila katazo lilihusu dawa zilizokwisha kuchanganywa. Kiambato chenyewe kinachoua, kikiwa kitupu bila kuchanganywa, kiliendelea kupakiwa melini.