Upepo wa breki unajificha juu, sio chini

Juzi kaja dogo mmoja na pikipiki, Yamaha DT125 ya zamani, ile yenye diski mbele, leva ya breki anaivuta mpaka inagusa handeli. Kabadilisha mpira wa breki mwenyewe, kamaliza chupa mbili za DOT 4 (mafuta ya breki) akitoa upepo pale chini kwenye kalipa, ile inayobana diski, na leva bado inabonyea kama godoro. Nikamuuliza washa za shaba, vile vipete vya kwenye bolti, uliweka mpya? Akacheka tu.

Iko hivi. Mpira unashikwa na bolti yenye tundu katikati, mafuta yanapita humohumo ndani, na kila bolti ina washa mbili, huku na huku ya kichwa cha mpira. Washa ikishabonyea imejaza mikwaruzo yake, kazi yake imeisha, ukiifungua ukairudisha inavuja, ukiona inavuja unazidi kukaza, ukizidi kukaza unakula meno ya kalipa maana kalipa ni aluminiamu, na hapo ndo utanijua vizuri kwenye bei. Bolti ya milimita 10 mimi nakaza kama Nm 30 hivi kwa spana ya kupima, basi. Na usiokote bolti yoyote, za Kijapani nafasi ya jino hadi jino ni milimita 1.25, za Ulaya nyingi ni 1.0, inaingia mizunguko miwili inagoma, usilazimishe.

Kabla hujakaza inua pikipiki gurudumu la mbele lining'inie, kata handeli kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mpira usivutike popote.

Sasa upepo. Mpira mkavu ukiujaza, upepo unapanda unaenda kukaa kwenye bolti ya juu pale master silinda (ile pampu ya mafuta kwenye leva), wewe huku chini unapampu unapoteza mafuta. Vuta leva ishikilie, legeza ile bolti ya juu robo mzunguko (kulegeza bila kuitoa washa haiharibiki), yatoke mapovu, kaza NDIPO uachie leva. Rudia mara tatu nne halafu ndo ushuke kwenye kalipa. Vipovu vilivyobaki mimi nafunga leva ikiwa imevutwa na kipande cha tyubu usiku kucha na asubuhi vimeshapanda vyenyewe.

Funika tangi la petroli na kitambaa lakini, DOT 4 inakula rangi, ikidondoka mwagia maji hapohapo. Dogo kaondoka na leva ngumu kama jiwe, na tangi lina baka.