"Daktari, kama ni uvimbe, si nimeze dawa ya uvimbe?"

Aliyeniuliza hivyo ni dereva wa matatu wa ruti ya 46. Presha yake siku hiyo ilisoma 172 kwa 104. Nilikuwa nimetoka tu kumweleza kwamba ndani ya mishipa yake kuna uvimbe unaoendelea kimyakimya, si jipu wala saratani bali vita vya chembe za kinga, naye akatoa mfukoni diklofenaki, vidonge vya maumivu alivyonunua kemisti kwa sababu ya mgongo. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Nilikuwa nimempa nusu ya habari, na nusu ya habari kuhusu presha ni hatari.

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Ukichomwa na mwiba, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale. Panakuwa pekundu, panapata joto, panauma, kisha kazi ikiisha chembe hizo huondoka. Kwa mtu mwenye presha haziondoki. Sisi madaktari wa umri wangu tulifundishwa presha kama habari ya pampu, bomba na maji, basi. Mwaka 2007 watafiti Tomasz Guzik na David Harrison, wakifanya kazi Marekani, walichukua panya waliozaliwa bila limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, wakawapa angiotensini, homoni inayobana mishipa. Presha yao ilipanda kidogo tu. Waliporudishiwa limfosaiti za aina ya T, ikapanda kama ya panya wa kawaida. Kumbe askari wa kinga wamo ndani ya shauri hili.

Wanapigana na nani? Jibu ninalolipenda lilitoka mwaka 2014, katika kazi iliyoongozwa na Annet Kirabo, mwanasayansi mzaliwa wa jirani zetu Uganda anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Presha ikizidi, chembe za mwili huzalisha kemikali kali za oksijeni. Hizo huharibu mafuta yaliyomo ndani ya chembe, na mafuta yaliyoharibika hunata kwenye protini za mwili wenyewe hadi zikabadilika sura. Askari wakizitazama hawazitambui tena. Wanashambulia nyumba yao wenyewe.

Mimi ni daktari wa figo, kwa hiyo niruhusu nikae hapo. Chembe za kinga zikijazana kwenye figo, hutoa vichocheo vinavyoifanya ing'ang'anie chumvi. Chumvi huvuta maji, maji huongeza presha, presha huumiza figo zaidi, na askari wengine wanaitwa. Mwishowe mwili hufanya kile unachofanya kwenye kila kidonda: unaweka kovu. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kichujio kilichogeuka kovu hakichuji tena maishani. Mgonjwa hasikii lolote. Moyo nao huwa mgumu kwa makovu ya namna hiyohiyo, na mishipa midogo ya ubongo haisalimiki.

Sasa nusu ya pili. Uvimbe una njia nyingi mwilini. Diklofenaki na ibuprofeni huziba njia moja, ile ya kemikali ziitwazo prostaglandini, na ndiyo hiyo figo huitegemea ili mshipa unaoiletea damu ubaki wazi. Ukiiziba, figo inapata damu kidogo, inashikilia chumvi, presha inapanda, na vidonge vya presha vinapungua nguvu. Mtu anayetumia dawa za presha kama losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza maji, akiongeza diklofenaki juu yake, figo zinaweza kuzima ndani ya siku chache. Nimewapokea watu wa namna hiyo, na inaniuma kila mara.

Dawa zinazolenga uvimbe wenyewe zimejaribiwa. Matokeo ya utafiti wa sindano ya kanakinumabu yalitoka 2017, kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo. Mashambulio mapya yalipungua, lakini presha haikushuka, na vifo vya maambukizi viliongezeka. Kwa hiyo leo hakuna dawa ya uvimbe ninayoweza kumwandikia mtu kwa ajili ya presha. Njia ya kuupoza ni kuishusha presha yenyewe, kila siku, kwa dawa zake. Losartani hasa huzuia ile angiotensini inayowachochea askari.

Halafu kuna chumvi, ambayo yenyewe huwaamsha askari hao. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ile ya kwenye mkate, smokie na vidonge vya mchuzi. Kachumbari haina neno. Tatizo ni ule mlima wa chumvi kando ya nyama choma.

Dereva wangu nilimpima mkojo. Ulikuwa na protini, ishara kwamba figo zimeanza kuumia. Nakusihi wewe mwenye presha uombe kipimo hicho, maana figo hulalamika kwenye mkojo kabla ya mahali pengine popote. Mgongo tuliuwekea mazoezi na mto wa kiti. Wiki sita baadaye alisoma 136 kwa 84, na protini ilikuwa imepungua, ingawa haijaisha. Diklofenaki ameacha. Chumvi bado. Nimemwomba mara ijayo aje na mama watoto, kwa kuwa yeye ndiye anayepika.