Kesi Uliyoipata, Je, Bado Ina Nguvu?

Wanafunzi wanaofanya mazoezi katika ofisi za mawakili Kisumu na Nakuru hawana shida ya kupata kesi. Tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama, ni ya bure. Wanachoruka ni kuuliza yaliyoipata kesi hiyo baadaye.

Chukua kesi ya Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji, chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, inakiuka Katiba. Baada ya hapo, mahakama za chini zikaitumia hata kwenye wizi wa kimabavu na makosa ya ngono. Tarehe 6 Julai 2021, mahakama hiyohiyo ikatoa maelekezo, [2021] KESC 31 (KLR): uamuzi ule unahusu mauaji peke yake. Kwa hiyo hukumu ya mwaka 2019 iliyompunguzia mtu adhabu ya wizi wa kimabavu kwa kutegemea Muruatetu imeondolewa msingi, lakini ukiifungua inasomeka vizuri tu, na mwanafunzi anainakili.

Dawa yake: andika jina la kesi ndani ya alama za kunukuu, tafuta upya, panga matokeo kuanzia ya karibuni, halafu usome aya zinazoitaja. Rudia kwa namba ya kifungu cha sheria, maana majina ya wahusika huandikwa kwa tahajia tofauti.

Herufi za rejea ya kesi, kama zile za [2021] KESC 31 (KLR), zina habari pia. KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ya Rufaa, KEHC Mahakama Kuu, KEELC ya Mazingira na Ardhi. Chini ya Kifungu cha 163(7) cha Katiba, uamuzi wa KESC unazifunga mahakama nyingine zote, yaani lazima ziufuate. Lakini jaji wa Mahakama Kuu Nakuru hafungwi na mwenzake wa Kisumu. Anaweza kushawishika, basi. Hakimu wa mahakama ya chini, kama ya Winam kule Kisumu, anafungwa na wote wawili, na hapo ndipo kazi huwa ngumu wakikinzana.

Nukuu namba ya aya, si ya ukurasa. Kurasa hubadilika ukichapisha.

Na ukikuta kesi inayokupinga na inayoifunga mahakama, itaje mwenyewe kwenye mawasilisho, kisha uonyeshe ukweli wa kesi yako unatofautiana wapi. Upande wa pili utaileta tu, na ukiwa umeificha, hakimu ataanza kuzitilia shaka hata zile kesi zako nzuri.