Je, wajua kwa nini mlokole mkongwe ndiye hutubu zaidi?

Ukiingia katika ushirika wa walokole, Wakristo waliookoka wa mkondo wa uamsho, nchini Uganda, iwe Busia mpakani ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, iwe Kampala kwenye vilima, kuna jambo litakushangaza. Kijana aliyeokoka mwezi jana anasimama, anashukuru kwamba ameacha pombe, anakaa. Kisha anasimama mzee wa mvi, aliyeokoka kabla huyo kijana hajazaliwa, naye anaomba msamaha kwa sababu asubuhi alimfokea mkewe juu ya chai isiyo na sukari. Watu wanaitikia kwa wimbo wa Kiganda: Tukutendereza Yesu, yaani tunakusifu Yesu. Mgeni hujiuliza, huyu mzee amekua kweli, au miaka yote hiyo amekuwa akipiga maktaimu?

"Kueni katika neema," aliandika Petro mwishoni mwa waraka wake wa pili (3:18). Agizo hilo lina fumbo. Neema ni zawadi, na zawadi ukishapewa umepewa. Utakuaje ndani ya kitu ambacho hukukitolea jasho?

Neno lenyewe linasaidia kidogo. Kwa Waswahili neema ni riziki inayomwagika. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Waganda husema ekisa, neno ambalo hata nje ya kanisa ni huruma na wema. (Sisi wa Kiswahili tukilisikia tunadhani tunaanza kupigiwa hadithi, na kwa kweli ushuhuda wa mlokole ni kisa cha ekisa.) Mavuno unaweza kuyafungia ghalani ukalala usingizi. Huruma haina ghala: leo unaihitaji, kesho utaihitaji tena. Ndiyo maana Petro hakuishia kwenye neema, akaongeza, "na katika kumjua Bwana wetu." Anayekua humjua zaidi mtoaji, na kwa kumjua huyo hujiona mwenyewe bila vipodozi.

Mtazame Paulo. Kwa Wakorintho anajiita mdogo katika mitume. Kwa Waefeso ameshuka: ni mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Kwa Timotheo anasema Kristo alikuja kuwaokoa wenye dhambi, "ambao wa kwanza wao ni mimi." Mkulima wa matoke hatashangaa. Mgomba mchanga husimama peke yake. Uliobeba mkungu ndio unaotegemezwa kwa mti wa panda.

Walokole walijifunza hayo kwa njia yao. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyetoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka baada ya kuhangaika na wagonjwa na njaa kali. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Kilichowasumbua ni kuona imani iliyodumaa, yao wenyewe na ya kanisa. Wakakaa na Biblia, wakaomba. Katika miaka iliyofuata uamsho ukaenea Rwanda, Uganda, hadi Kenya na Tanganyika, ukiwa na desturi moja iliyowakera wengi: kutembea nuruni, kwa maneno ya 1 Yohana 1:7. Dhambi ilitajwa kwa jina, aliyeiba alirudisha, waliokosana walipatana.

Kwa nini desturi hiyo hukuza mtu? Kwa sababu mwenye sura ya utakatifu hana budi kuilinda, na mikono inayolinda sura haiko wazi kupokea kitu. "Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu," anasema Yakobo. Hii si ruhusa ya kufanya dhambi ili tuwe na la kuungama. Tito 2 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya.

Hata walokole wenyewe walijikwaa. Kuelekea miaka ya 1970 baadhi yao walijiona ndio walioamka upya, wakawaona wenzao wamelala, wakatunga masharti, hata kukopa kukawa dhambi. Kwa maoni yangu huo ndio mtego wa watu wenye bidii: marufuku zinahesabika, neema haihesabiki, basi tunahesabu marufuku.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Alikuwa ameokoka zaidi ya miaka 30, mhubiri anayejulikana duniani, na bado aligundua moyoni mwake chuki iliyokuwa ikimkausha. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, katika kanisa moja London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," akajua kwamba yeye hajamsamehe Amin. Mhubiri akatubu kama mzee wa chai. Kisha akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Amin alikuwa bado Ikulu.